Barua za Wasomaji: Kazi, Maumbile na Wanawake katika Fikra za Kifaransa

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu kazi za nyumbani zisizo na malipo ilimtaja mwanasosholojia wa Kifaransa Christine Delphy katika aya moja tu, na aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko sehemu nyingine yote ya makala. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Katika somo la nadharia tulifundishwa ufeministi wa Kifaransa kupitia Hélène Cixous, Luce Irigaray na Julia Kristeva, nami nikatoka darasani nikiamini kwamba Wafaransa wanautukuza mwili wa mwanamke na tofauti yake na mwanamume. Huyo Delphy mliyemtaja anaonekana kusema kinyume kabisa. Mkondo wake ulianzia wapi, ulikuaje, na kwa nini hatukuusikia? — M.K., Ubungo*

Ndugu M.K., ulichofundishwa si uongo, ila ni nusu ya habari, tena nusu iliyochaguliwa na watu wengine kabla haijakufikia. Majina matatu uliyoyataja yaliwekwa katika fungu moja na kuitwa ufeministi wa Kifaransa hasa katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1995 Delphy aliandika makala kali akidai kwamba fungu hilo lilibuniwa huko huko, na kwamba liliwaacha nje wengi wa wanawake waliokuwa wakiendesha harakati zenyewe nchini Ufaransa. Kwa kuwa nadharia nyingi tunazosoma hapa hutufikia kwa Kiingereza, uteuzi wa Wamarekani umegeuka kuwa mtaala wetu bila mtu yeyote kukaa kitako na kuamua hivyo.

Ukitaka kwenda mbali, unaweza kuanza na mwandishi François Poulain de la Barre, ambaye mwaka 1673 alitetea usawa wa jinsia mbili kwa hoja kwamba akili haina jinsia, na kwamba kinachoonekana kuwa udhaifu wa wanawake ni matokeo ya mila na malezi. Hoja hiyo ilikuwa ya ujasiri kwa zama zake, lakini ilihusu akili na elimu. Haikuuliza ni nani anayekula matunda ya jasho la nani. Swali hilo lilikawia sana kuulizwa kwa uwazi. Hata mwanafalsafa Simone de Beauvoir, ambaye mwaka 1949 aliandika kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali huwa mwanamke, hakulifikisha mwisho. Aliivunja dhana ya kwamba mwili ni majaaliwa yaliyokwisha kuandikwa, lakini katika kitabu hicho hicho mimba na uzazi bado vinaonekana kama mzigo ambao mwili wenyewe unamtwika mwanamke, na alitumaini kwamba ujamaa ukija utautua. Ilipofika mwaka 1972 ndipo alipotamka hadharani kwamba yeye ni mfeministi, na kwamba kuungojea ujamaa hakutoshi.

Kati ya miaka hiyo miwili sheria za Ufaransa zilikuwa zikisema mengi kuhusu hali halisi ya mwanamke wa huko. Wanawake walikuwa wameruhusiwa kupiga kura hivi karibuni tu, kwa amri ya mwaka 1944. Mke alilazimika kusubiri hadi sheria ya Julai 1965 ndipo aweze kufungua akaunti ya benki kwa jina lake na kuajiriwa bila mumewe kuwa na uwezo wa kumzuia. Nayataja haya kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mambo haya ni anasa ya wanawake waliokwisha kupata kila kitu. Waliokusanyika Paris tarehe 26 Agosti 1970 kuweka shada la maua kwenye kaburi la askari asiyejulikana, kwa ujumbe kwamba yupo asiyejulikana zaidi ya askari huyo, yaani mke wake, walikuwa wachache wanaohesabika kwa vidole, na karibu wote walikuwa wamekulia chini ya sheria hizo za zamani. Delphy alikuwa miongoni mwao, pamoja na mwandishi Monique Wittig.

Mwaka huo huo Delphy alichapisha, kwa jina la kujificha la Christine Dupont, makala iliyoitwa “Adui Mkuu”, katika toleo maalumu la jarida la mrengo wa kushoto *Partisans*. Wakati huo Wamarx wa Ufaransa, yaani wafuasi wa Karl Marx, walikuwa na jibu lao tayari: kazi ya nyumbani haina malipo kwa sababu huzalisha vitu vya kutumiwa tu, wala si bidhaa za soko, na ukandamizaji wa wanawake ni tawi la ubepari ambalo litakauka mti ukikatwa. Delphy alilipinga jibu hilo kwa kutumia zana za Wamarx wenyewe. Alitazama familia za wakulima, ambamo mke hulima, hulisha mifugo na kuzalisha mazao yanayouzwa sokoni kabisa, lakini fedha huingia mkononi mwa mume na mke halipwi chochote. Kwa hiyo sababu ya kutolipwa haiwezi kuwa aina ya kazi. Kupika, kufua na kulea watoto vikifanywa nje ya nyumba na mtu mwingine huwa na bei inayojulikana. Vinakosa bei pale tu vinapofanywa na mke kwa ajili ya mume. Kinacholeta tofauti ni uhusiano uliopo kati ya mtendaji na mtendewa, na uhusiano huo ndio alioutaja kuwa mfumo wa uzalishaji wa kifamilia, ulio sambamba na ubepari, ambamo wanaume kama kundi hunufaika na kazi ya wanawake kama kundi. Akawaita wanawake tabaka.

Neno hilo liliwaudhi wengi, wa kulia na wa kushoto. Ugomvi ninaoupenda zaidi, kwa sababu unaonyesha uyakinifu wake ulivyo, yaani kuanza na hali halisi ya kazi na mali kabla ya mawazo, ulikuwa na mwanamke mwenzake. Mwaka 1974 mwandishi Annie Leclerc alitoa kitabu kilichosema kwamba kazi za wanawake zinadharauliwa kwa sababu wanaume hawajui kuzithamini, na kwamba tukizipa heshima inayostahili mambo yatabadilika. Delphy alimjibu mwaka 1976 kwamba amegeuza mambo kichwa chini miguu juu: kazi hiyo haifanywi bure kwa sababu inadharauliwa, bali inadharauliwa kwa sababu hufanywa bure na mtu asiye na uwezo wa kuikataa. Sifa peke yake haziondoi hali hiyo. Msomaji yeyote aliyewahi kusikiliza hotuba za kuwasifu akina mama zinazotolewa hapa kila mwezi Machi, halafu akaona ni nani aliyeviosha vyombo vya hafla hiyo, ataelewa mara moja.

Hapo ndipo anapoingia mwanasosholojia Colette Guillaumin, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye fikra nzito kuliko wote katika kundi hili, ingawa anasomwa kwa nadra. Alikuja akitokea mahali pengine: kitabu chake cha mwaka 1972 kilihusu ubaguzi wa rangi. Humo na katika maandishi yaliyofuata alionyesha kwamba watu hawakufanywa watumwa kwa sababu walionekana kuwa “rangi” nyingine. Utumwa wa mashamba ya Amerika ulitangulia, na rangi ya ngozi ikaja baadaye kuwa alama, kisha alama ikageuzwa kuwa sababu. Mwaka 1978 aliihamishia hoja hiyo kwa wanawake katika makala ndefu yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inaeleza namna wanawake wanavyomilikiwa: muda wao hauna kipimo, kwa kuwa mkataba wa ndoa hautaji saa za kuanza na kumaliza kazi, matunda ya miili yao, yaani watoto, huhesabiwa kuwa ya mwingine, wana wajibu wa unyumba, na juu yao kuna mzigo wa kuwahudumia kimwili wachanga, wagonjwa na wazee, na hata wanaume wazima wenye afya zao. Mfanyakazi wa kiwandani huuza nguvu zake kwa saa kadhaa na kubaki na nafsi yake. Hapa anayechukuliwa ni mtu mzima mzima.

Sehemu ya pili inahusu maumbile. Kikundi cha watu kikishachukuliwa namna hiyo, anasema, huanza kuonekana kama kitu, na kitu huelezwa kwa asili yake ya ndani. Mwenye kumiliki hujiona kuwa na historia, siasa na maamuzi, ilhali mwenye kumilikiwa huambiwa ana silika. Kwa hiyo dhana ya “maumbile ya kike” ndiyo sura ambayo uhusiano wa kumilikiana huivaa akilini mwa watu. Ukilishika hilo, utaona kwamba uyakinifu na upinzani dhidi ya umaumbile, yaani imani kwamba hali ya wanawake inatokana na maumbile yao, si hoja mbili zilizogongana njiani zikaamua kufuatana. Ni hoja moja: anayeuliza ni nani anayefanya kazi na ni nani anayenufaika hana budi kufika mahali atakapouliza ni kwa nini jambo hilo liliitwa la asili.

Mwaka 1977 Delphy, mwanaanthropolojia Nicole-Claude Mathieu na wenzao wachache walianzisha jarida la *Questions féministes*, Beauvoir akiwa mkurugenzi wa uchapishaji. Guillaumin na Wittig wakajiunga. Jarida hilo lilisimama wazi dhidi ya mkondo uliokuwa ukitukuza tofauti ya kike, hasa kundi la Antoinette Fouque lililochanganya saikolojia ya Freud na siasa, ambalo mwaka 1979 lilifikia hatua ya kuliandikisha jina la harakati nzima ya ukombozi wa wanawake kama alama ya biashara. Lakini jarida lenyewe halikudumu. Wittig alikuwa ameisukuma hoja hadi ukingoni: ikiwa “mwanamke” ni jina la nafasi katika uhusiano na mwanamume, basi anayeukimbia uhusiano huo si mwanamke tena, na mfumo mzima wa ndoa ya mke na mume ni utaratibu wa kisiasa. Mwaka 1980 wahariri waligawanyika juu ya swali la iwapo wanawake wanaoishi na wanaume wanashirikiana na adui, na mwaka uliofuata Delphy na Beauvoir wakaanzisha jarida jingine, *Nouvelles Questions Féministes*. Sioni haja ya kukurefushia kesi na lawama zilizofuata. Zilikuwa za uchungu, na hazikuongeza mengi katika fikra zenyewe.

*Mwanangu mwandishi, nimewasoma kwa subira. Mwanamke ndiye anayebeba mimba na kunyonyesha. Hilo halikuamuliwa na mkutano wowote. Kazi ziligawanywa kwa kufuata nguvu na uzazi, na wanawake wenyewe wameridhika na mgawanyo huo tangu enzi za mababu. Hao Wafaransa wanabishana na nani? — Mzee R., Temeke*

Shikamoo mzee wangu. Hakuna hata mmoja kati yao anayekana kwamba mimba iko tumboni mwa mwanamke. Wanachokikana ni ile hatua ya pili inayorukwa haraka: kwamba kwa kuwa anazaa, basi ni lazima yeye pia achote maji, afue shati la baba mkwe na apewe jembe bovu kuliko yote.

Kuhusu jembe, yupo mwanaanthropolojia wa Kiitaliano, Paola Tabet, aliyekuwa karibu na kundi hili, ambaye mwaka 1979 alichapisha utafiti juu ya zana. Alipekua maandiko ya kianthropolojia kuhusu jamii nyingi, akianza na zile za wawindaji na wachumaji, akakuta kwamba mgawanyo wa kazi haufuati nguvu za mwili kwa uaminifu kama tunavyosimuliwa, kwa kuwa wanawake hupewa mizigo mizito mno. Unafuata zaidi udhibiti wa silaha na wa zana bora. Wanawake huachiwa kazi zinazofanywa kwa mikono mitupu au kwa zana duni, na kazi hiyo hiyo ikipata zana bora huelekea kuhamia kwa wanaume. Wewe, mzee wangu, umeona jembe la mkono na umeona plau na trekta. Mwenyewe utakumbuka ni mikono ya nani iliyoshika kipi. Mwaka 1985 Tabet aliendelea hadi kwenye uzazi wenyewe, akasema kwamba hata idadi ya mimba za mwanamke haitoki kwenye mwili peke yake, kwani ndoa, shinikizo la ukoo na adhabu kwa asiyezaa hupanga ni mara ngapi mwili huo utawekwa katika hali ya kushika mimba.

Wala hatuhitaji kwenda Paris ili kulisikia suala la kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi kwa saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na siku za sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwalimu Nyerere alilitaja jambo hilo kama suala la juhudi: wanaume nao wafanye kazi zaidi. Delphy angeuliza swali ambalo Azimio halikuliuliza, yaani baada ya saa hizo 14, ni nani aliyeuza pamba au kahawa, na fedha zikaingia mfuko gani.

Kuhusu kuridhika, mjibu wako ni Mathieu. Katika insha ndefu ya mwaka 1985 alisema kwamba kukubali kwa kushindwa si sawa na kuridhia. Ili mtu aridhie jambo ni sharti awe na taarifa sawa na mwenzake, awe na muda na nguvu za kufikiri, na awe na njia nyingine anayoweza kuifuata. Mathieu alieleza, kwa kina kinachochosha na kuelimisha pia, jinsi uchovu wa kulea watoto mfululizo, lishe duni na kuwajibika kila dakika kwa usalama wa mtoto unavyoibana hata nafasi ya kuwaza. Ukimya wa mtu wa namna hiyo hauwezi kuchukuliwa kuwa sahihi yake.

Hata hivyo, mzee, upande mmoja nakubaliana nawe kuwa tahadhari inafaa. Delphy alianza na familia ya Kifaransa yenye mume mmoja, mke mmoja na shamba moja. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya ukoo, mama mkwe anaweza kuwa na mamlaka juu ya mkaza mwana kuliko aliyonayo mume, na mwanamke wa Pwani anaweza kuwa na mali yake mwenyewe kwa sheria ya Kiislamu iliyotangulia sheria ya Ufaransa ya mwaka 1965 kwa karne nyingi. Nadharia hii ikihamishwa bila kupimwa upya, itaona adui mmoja mahali ambapo wako kadhaa.

*Naomba jibu fupi. Je, wafeministi hawa ndio wale waliowakataza wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu shuleni huko Ufaransa? — Z.A., Kariakoo*

Ndugu Z.A., wafeministi wa Ufaransa waligawanyika vibaya juu ya jambo hilo. Wako waliounga mkono sheria ya Machi 2004, na mwanafalsafa Élisabeth Badinter alikuwa akiipinga hijabu shuleni tangu mjadala wa mwaka 1989. Delphy alisimama upande wa pili. Aliipinga sheria hiyo waziwazi na kwa gharama ya urafiki wa miaka mingi, akisema kwamba kuwafukuza wasichana shuleni kwa jina la kuwakomboa ni ubaguzi wa rangi, na kwamba Ufaransa ilikuwa ikijifanya kana kwamba mfumo dume unaishi katika familia za wahamiaji peke yake. Kwa aliyemsoma Guillaumin, msimamo huo haushangazi: “maumbile” ya Mwislamu na “maumbile” ya mwanamke hutengenezwa katika karakana moja.

*Dada mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya wakili. Nina maswali mawili. Sheria yetu inaitambua kazi ya mke nyumbani, au hizo ni nadharia za Ulaya tu? La pili linanisumbua zaidi: ninatoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku, na nyumbani kuna msichana wa kazi kutoka mkoani anayepika, kufua na kulea. Mume wangu haguswi na lolote. Katika hesabu ya huyo Delphy, mimi ni mnyonywaji au mnyonyaji? — Mama J., Mbagala*

Dada yangu, la kwanza ni jepesi kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali iliyochumwa katika ndoa iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mahakama zetu zilivutana kwa miaka kadhaa kuhusu iwapo kazi za nyumbani zimo katika “kazi” hiyo, hadi Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1983, iliposema kwamba zimo. Mwanamke wa kesi yenyewe hakufaidika, kwa sababu mahakama iliona kwamba fungu lake alikwisha kulipata na kulitumia, lakini kanuni ilibaki. Ona hata hivyo ni wakati gani kanuni hiyo hutumika: ndoa inapovunjika. Kazi ya mke hupata bei siku anapoondoka, na siku zote alizokaa ilikuwa wajibu. Delphy aliandika kuhusu talaka za Ufaransa kwa jicho hilo hilo, akionyesha kwamba hata baada ya talaka malezi ya watoto hubaki mikononi mwa mwanamke, kana kwamba ndoa imekwisha lakini utumishi haujaisha.

La pili si jepesi, na sitajifanya kwamba Delphy analimaliza. Msichana wako ni ushahidi mzuri wa hoja yake ya kwanza: kazi hiyo hiyo, ndani ya nyumba hiyo hiyo, ina kima cha chini cha mshahara katika amri za mishahara za Serikali akiifanya yeye, na haina hata senti ukiifanya wewe. Pia anathibitisha nani anayenufaika, kwa sababu hukumwajiri akusaidie kazi zako. Mlikuwa na kazi za watu wawili, mmoja wenu akazikataa bila hata kusema neno, na ule mzigo ulioachwa ndio uliomtafutia mtu. Kwa kawaida mshahara wake husemwa kuwa unatoka katika kipato cha mke, na mume huhesabiwa kuwa hana deni.

Lakini kati yako na yeye pia kuna uhusiano wa kazi, na wanawake kama tabaka moja hawatoshi kuueleza. Walioliona pengo hili ni waliokuja baada ya Delphy katika mkondo huo huo. Mwanasosholojia Danièle Kergoat, aliyewachunguza wafanyakazi wa kike wa viwandani, alisisitiza kwamba uhusiano wa jinsia, wa tabaka na wa rangi haupangwi kimoja juu ya kingine kama sahani. Kila kimoja huzaliana ndani ya kingine, na huwezi kukichomoa kimoja ukakipima peke yake. Mwanasosholojia mwingine, Jules Falquet, naye amefuatilia jinsi wanawake wa nchi tajiri walivyoweza kuingia kazini kwa kuwakabidhi mzigo huo wanawake wahamiaji kutoka nchi maskini, huku wanaume wa pande zote mbili wakibaki walivyokuwa. Badala ya mpaka wa nchi, wewe weka barabara ya kutoka mkoani hadi Mbagala.

Kwa hiyo, dada yangu, katika hesabu hiyo unaingia pande zote mbili, ila si kwa kiasi kimoja. Unaweza kumlipa kima halali, ukampa siku ya mapumziko na saa za kulala zinazoeleweka, na upande huo wa daftari utapungua mwezi huu huu, kwa kuwa uamuzi uko mkononi mwako. Upande wa pili unamhitaji mtu ambaye, kwa maelezo ya barua yako, haguswi na lolote, na yeye bado hajatuandikia.